Diski ya Mkunga wa Mkange

Adila Bwanausi alikuwa na chumba cha kutengenezea kompyuta mjini Bagamoyo, kata ya Dunda, ukuta mmoja na duka la mzee Noorali, fundi saa. Ndani mlikuwa na meza mbili, feni moja na rafu iliyojaa kompyuta za watu: za walimu, za wapiga picha, za ofisi ndogondogo. Mlangoni aliandika jina lake na neno FUNDI, basi. Kwa miaka sita wateja walikuwa wakiingia, wakimkuta mwanamke mwenye miwani ameinamia meza, wakimuuliza fundi yuko wapi. Zamani alikuwa akikasirika. Siku hizi aliwajibu kwamba fundi ndiyo kwanza amemaliza chai yake, kisha ananyoosha mikono apokee mzigo.

Alhamisi moja ya mwezi wa Julai, asubuhi, aliingia mwanamke mtu mzima aliyeshuka kwenye basi la kutoka upande wa Mkange. Alikuwa amebeba kompyuta ya mezani, ameifunga kwa shuka na kuikaza kwa kanga. Yeye hakuuliza fundi yuko wapi. Aliitikia shikamoo, akauliza habari za nyumbani, za kazi na za wazee, na alipokwisha kujibiwa zote ndipo akautua mzigo juu ya meza.

"Mimi naitwa Mgeni," alisema. "Nilikuwa mkunga. Kompyuta yangu haiwaki, na ndani yake mna watu elfu moja mia nane sitini na wanne."

Adila alimvutia kiti, akamsikiliza.

Bi Mgeni alikuwa amefanya kazi ya ukunga kwa miaka ishirini na minne katika vijiji vya kaskazini mwa wilaya, kuanzia mwaka 1986 mpaka alipostaafu 2009. Kila mtoto aliyempokea alimwandika katika daftari lake mwenyewe: tarehe, saa, jina la mama, jina la baba, uzito, kitongoji, na jina la mtoto akishapewa. Hakuna aliyemtuma. Mama yake mzazi hakujua alizaliwa mwaka gani, akafa hajui, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Baada ya kustaafu, mpwa wake alimletea kompyuta. Akajifunza kuandika kwa vidole viwili, na kwa miaka mitatu akayahamisha madaftari yote, kila mwaka na faili lake. Mwaka juzi mvua za masika ziliingia nyumbani, madaftari yakalowa yakawa uji. Hakusikitika sana, alisema, kwa sababu alijua kila kitu kimo ndani ya kompyuta.

Sasa Jumatatu inayokuja maofisa wa usajili wa vizazi walikuwa wanakwenda Mkange kukaa siku tatu, kuwaandikisha watu wazima wasio na vyeti. Huko kwao wengi walizaliwa nyumbani, hawana hata kipande cha karatasi. Mtu anapata nafasi ya chuo, anaulizwa cheti cha kuzaliwa, anakwenda kuomba kitambulisho, anaulizwa cheti, anarudi shambani. Maofisa walikuwa wamekubali kwa simu kwamba kumbukumbu za mkunga zinaweza kuwa ushahidi, mradi waletewe waziangalie. Jumapili iliyopita Bi Mgeni akaiwasha kompyuta ili azipange. Ikatoa mlio asioujua, ikagoma.

Adila aliuliza nani ameigusa tangu siku hiyo. Bi Mgeni akasema vijana wa jirani waliiwasha na kuizima mara nyingi, siku mbili mfululizo. Halafu alikuwa amekwenda kwa dada yake Vigwaza, akaipeleka kwa fundi mmoja wa huko. Fundi huyo alimwambia kazi ni ndogo, anafuta kila kitu, anaweka mfumo mpya, kompyuta inawaka. Bi Mgeni akamuuliza, na hao watu waliomo ndani je? Akajibiwa kwamba watafutika. Basi akaifunga shuka yake akaondoka.

"Hapo ulifanya kazi ya fundi," Adila alimwambia.

Aliichomeka, akabonyeza kitufe. Feni za ndani zikazunguka, kioo kikabaki cheusi, kisha ukatokea mstari mmoja wa maandishi meupe kusema kwamba hakuna diski ya kuanzia. Chini ya mvumo wa feni Adila akasikia kitu kingine: tak, tak, tak. Kimya. Tak, tak, tak. Akaizima papo hapo.

Diski ndiyo ghala la kompyuta, alimweleza Bi Mgeni. Ndani yake mna sahani zinazozunguka kwa kasi, na juu yake kijisindano kinachosoma bila kuzigusa. Kijisindano kikipotea njia hurudi mwanzo na kugonga, na kila kinapogonga kinaweza kukwaruza sahani. Kwa hiyo diski inayogonga haiwashwi ovyo.

Hakumweleza namna alivyolijua hilo. Miaka minne nyuma mwalimu mmoja mstaafu, Mwalimu Seleman, alimletea diski yenye mlio uleule, na ndani yake picha za harusi ya bintiye. Adila alikuwa na haraka na alikuwa anajiamini. Akaipa diski ile programu ya kujirekebisha, ikafanya kazi kutwa nzima, ikiandika juu ya sehemu mbovu na zisizo mbovu, mpaka jioni diski ikanyamaza kabisa. Mwalimu Seleman alisema tu, "Haya, mwanangu," na hadi leo wakikutana sokoni humsalimia vizuri. Adila aliona afadhali angemtukana. Tangu hapo alibandika ukutani karatasi yenye maneno mawili, NAKILI KWANZA, na hakuna diski mgonjwa aliyoitibu kabla ya kuinakili.

Lakini hii haikuwa inasomeka, na usichoweza kukisoma huwezi kukinakili. Aliitoa diski ndani ya sanduku. Akabadilisha waya wa data, ikagonga. Akabadilisha waya wa umeme, ikagonga. Akaihamishia kwenye kompyuta yake mwenyewe, ikagonga tena. Akangoja kidogo, akajaribu mara ya pili, na mara hiyo jina la diski likatokea kwenye kioo pamoja na ukubwa wake, likakaa kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka tano, likapotea. Adila akaizima, akasimama wima. Diski iliyokufa kabisa haitaji jina lake.

Akampigia Amiri, fundi aliyemfundisha kazi, mwenye duka Tegeta. Amiri alitaka kuusikia mlio wenyewe, Adila akaiwasha diski kwa sekunde chache karibu na simu. Amiri hakufikiri sana. Kijisindano kimevunjika, alisema. Hiyo inataka chumba kisicho na chembe ya vumbi na vifaa ambavyo hata yeye ameviona kwenye picha tu. Amrudishie mama wa watu mzigo wake, asimpe matumaini ya bure.

Adila alimweleza Bi Mgeni yote, bila kupunguza neno. Bi Mgeni alikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Huyo mwalimu wako ameiona?" aliuliza.

"Ameisikia kwa simu, mama."

"Mimi sijapata kumpima mjamzito kwa simu. Iangalie wewe."

Adila akaigeuza diski, akaisogeza karibu na dirisha. Ndipo alipoona jambo ambalo alikuwa amelipita haraka: parafujo zake zilikuwa na ukoko mweupe uliochanganyika na kijani. Akarudi kwenye sanduku la kompyuta, akakuta ukoko uleule kwenye vyuma vyote. Aliuliza kompyuta ilikuwa ikikaa wapi ndani ya nyumba. Bi Mgeni akasema dirishani, upande wenye upepo, na mbele ya dirisha hilo, ng'ambo ya njia, yako mashamba ya chumvi.

Chumvi. Adila alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Chini ya diski kuna kibao kidogo cha kijani kilichoshikwa kwa parafujo tano. Kibao hicho ndicho kinachokiamuru kijisindano, na amri zake hupita kwenye vidoto vya chuma visivyochomelewa, vinavyogusana tu. Kama chumvi imevila vidoto, amri hazifiki sawasawa, na kijisindano kizima kitapotea njia na kugonga kama kilichovunjika. Mlio ni mmoja, maradhi mawili tofauti, na kwa simu huwezi kuyatenganisha.

Parafujo zile zilikuwa za nyota, ndogo mno, na bisibisi yake ya nyota ilikuwa imekwisha ncha. Akaenda mlango wa pili.

Mzee Noorali alikuwa na miaka sabini na minane, na kwa miaka ya karibuni kazi yake ilikuwa kubadilisha betri na mikanda ya saa. Adila alipomwomba bisibisi, mzee alimuuliza ya kufungulia nini, akajibiwa. Akafunga kabati lake la vioo, akachukua kisanduku cha zana na ile lenzi anayoibana jichoni, akamwambia mkewe Sherbanu aangalie duka. Akasema bisibisi yake haitembei peke yake.

Walifungua parafujo tano, wakakiinua kibao. Mzee Noorali aliibana lenzi jichoni, akainama, akakaa hivyo muda mrefu.

"Nyeusi," alisema mwishowe. "Hii ya pembeni ina unga wa kijani. Saa zote za watu wa pwani hufa hivi."

Akampa Adila lenzi, na Adila akaiona: safu ya vidoto ambavyo vilipaswa kung'aa, vimekuwa kama sufuria ya kuni. Bi Mgeni naye akaiomba lenzi, akatazama, akairudisha, akasogeza kiti chake karibu na meza.

Adila alikata kifutio cha penseli, akakichonga ncha. Alitaka kusugua vyote kwa pamoja, mzee akamzuia mkono. Kimoja kimoja, alisema, na usibonyeze. Wakafanya kwa zamu, mmoja akisugua na mwingine akipuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira cha saa, kisha wakavipangusa kwa spiriti. Kazi ya dakika kumi ikawa ya saa nzima. Adhana ya adhuhuri ilipotoka wakaviacha vikauke, wakaenda kuswali.

Waliporudi Adila alikirudisha kibao, akakaza parafujo, akaunganisha nyaya mpya. Aliwasha. Diski ikazunguka, ikatoa *tik* moja nyepesi, ikatulia. Jina lake likatokea kwenye kioo. Mzee Noorali akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Alipofika tano jina lilikuwapo. Alipofika ishirini lilikuwapo. Alipofika mia moja aliacha kuhesabu.

Bi Mgeni akauliza kama imepona.

"Imezinduka," Adila alisema. "Kupona bado."

Hakujaribu kuiwasha kompyuta kwa diski ile, ingawa vidole vilimwasha kufanya hivyo. Alichukua flashi yenye mfumo mdogo wa kwake, ambao husoma diski bila kuandika humo hata herufi moja, akaiwashia kompyuta kwa flashi hiyo. Kitu cha kwanza aliitaka diski itoe habari za afya yake, nazo zilikuwa mbaya: maelfu ya sehemu mbovu, na nyingine nyingi zinazotiliwa shaka. Maradhi yalikuwa mawili kweli. Chumvi nje na uchakavu ndani, na pengine kule kuwashwa na kuzimwa kwa siku mbili kulikuwa kumeongeza. Diski ilikuwa imebakiwa na siku chache, labda saa chache.

Akachomeka diski mpya kando yake, akaanza kunakili. Programu aliyoitumia ilikuwa na busara yake: inachukua kwanza yaliyo mepesi, panapokuwa pagumu inaruka, na inaweka orodha ya palipobaki ili iparudie baadaye. Ukiizima leo, kesho inaanzia pale pale. Mpaka anafunga chumba jioni ile ilikuwa imefika asilimia ishirini na mbili, na Adila akaizima, kwa sababu hakutaka iwe peke yake bila mtu wa kuisikiliza. Bi Mgeni alilala kwa akina Noorali. Sherbanu hakutaka kusikia habari ya nyumba ya wageni.

Ijumaa asubuhi ilikwenda vizuri hadi asilimia hamsini. Kisha diski ikapata moto, ile *tak* ikarudi. Adila akaizima, akaielekezea feni, akangoja nusu saa kamili, akaiwasha. Ikaendelea. Baada ya swala ya Ijumaa umeme ukakatika, na betri ya akiba chini ya meza ikaanza kulia kwamba ina dakika kumi na tano. Mzee Noorali alikuwa na betri kubwa ya sola iliyokuwa ikiendesha taa za duka lake. Wakaivuta pamoja mpaka mlangoni kwa Adila, na duka la saa likabaki na mwanga wa barabarani. Hivyo, kwa kuwasha na kupumzisha, wakafika Jumamosi alasiri, asilimia tisini na nane, na iliyobaki ikakataa.

Adila alifungua ile nakala. Akalikuta jalada lililoandikwa WATOTO, na ndani yake mafaili ishirini na manne. Akafungua la kwanza, 1986. Bi Mgeni akavaa miwani, akausoma mstari wa juu kwa sauti: tarehe tatu Januari, saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Akalitaja jina la mama yake, akasema mama huyo bado yupo hai na anauza maandazi. Kisha akavua miwani akaifuta kwa kanga, na Adila akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Wakayafungua yote, moja baada ya jingine. Ishirini na moja yalifunguka. Matatu yakagoma: 1991, 1997 na 2003.

Hapo Adila alimweleza Bi Mgeni jambo lenyewe lilivyo. Yaliyopatikana yamepatikana, hayatapotea tena. Anaweza kurudi kwenye diski mgonjwa na kung'ang'ania pale pale penye mafaili matatu tu, akiisoma kwa kurudi nyuma badala ya kwenda mbele, maana pengine mahali pasipopitika kwa mbele hupitika kwa nyuma. Lakini diski imechoka. Inaweza kutoa moja, mawili, au isitoe kitu.

"Basi nitajie lipi nianze," alisema.

Bi Mgeni alimtazama kama aliyetukanwa. Kwa miaka ishirini na minne, alisema, hajaambiwa achague mtoto. Mwanamke yule alitoka nje, akasimama barazani pa duka la saa, akawatazama wapita njia na bodaboda zikishuka. Aliporudi alisema waanze na wa tisini na moja, kwa kuwa hao wamengoja zaidi. Kisha wa tisini na saba. Wa elfu mbili na tatu bado ni vijana, wakikosa leo watatafutiwa njia nyingine. Aliyasema hayo kwa sauti ya kazi, kama anatoa maagizo wodini.

Jumapili saa moja asubuhi wote watatu walikuwa mezani. Diski ilikuwa imepumzika tangu jana, baridi. Adila akaiamuru isome kwa kurudi nyuma, sehemu zile tu. Saa tatu kasorobo faili la 1991 lilifunguka, watoto themanini na sita. Hakuna aliyeshangilia, waliogopa kuishtua. Kwa la 1997 diski iligonga, ikapumzishwa, ikagonga, ikapumzishwa, na saa tano faili likafunguka.

La mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Palibaki pahali pamoja, padogo kama mstari mmoja wa maandishi, na bila hapo faili zima halikubali. Diski ilikuwa ya moto ingawa feni ilikuwa inaipiga. Mzee Noorali alisema waipumzishe saa nzima. Wakaipumzisha. Adila akajaribu, ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Akazima, akaigeuza juu chini, kwa maana aliwahi kuona diski kongwe zikisoma vizuri zikilazwa chali, akawasha. Kwenye kioo, kidoto chekundu kilichobaki, alama ya pahali pale pasiposomeka, kikasimama, kikasimama, kisha kikawa kijani.

Sekunde chache baadaye diski ikatoa mkwaruzo mrefu, kama kucha kwenye ubao, ikanyamaza. Waliijaribu baadaye mara mbili kwa kutaka kujua tu. Haikutaja tena hata jina lake.

Adila alifungua 2003. Majina yakashuka kwenye kioo, mstari chini ya mstari, mpaka mwisho. Mafaili ishirini na manne. Watu elfu moja mia nane sitini na wanne. Sasa ndipo Sherbanu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akapiga kigelegele kimoja kilichowatoa watu madukani.

Kabla hajaigusa chai Adila alitengeneza nakala mbili zaidi kwenye flashi. Moja Bi Mgeni aliifunga kwenye pindo la kanga, nyingine ikaingia kwenye kabati la vioo la mzee Noorali, katikati ya saa.

Ikabaki kompyuta yenyewe. Diski mpya ilikuwa nakala ya ile ya zamani, pamoja na mfumo wake, kwa hiyo ilipaswa kuiwasha kompyuta kama kawaida. Adila aliusafisha ukoko wote sandukuni, akaweka waya mpya, akafunga diski mpya, akabonyeza kitufe. Kioo kikabaki cheusi. Kisha mstari uleule mweupe: hakuna diski ya kuanzia.

Adila aliusoma mstari mara mbili, halafu akaitazama saa iliyokuwa pembeni ya kioo. Ilisema ni mwezi wa Januari, miaka mingi iliyopita. Akaanza kucheka. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, inayoikumbusha kompyuta saa, tarehe na mahali pa kuanzia. Hii ilikuwa imekwisha. Kompyuta ilikuwa imesahau iangalie wapi.

"Mzee," alisema, "nahitaji betri ya saa."

Mzee Noorali alikwenda dukani kwake na kurudi kwa hatua ambazo Sherbanu alisema hajaziona tangu wajukuu walipokuwa wadogo. Adila akaibana betri mahali pake, akarekebisha tarehe, akaionyesha kompyuta diski yake mpya, akawasha. Kioo kikawa cheusi, kikawa bluu, kikafunguka, na wote wanne wakajikuta wanatazama picha ya mbuzi mweupe amesimama juu ya kiti. Bi Mgeni akasema huyo ni mbuzi wa mpwa wake, na kwamba aliiweka picha hiyo kwa bahati mbaya, akashindwa kuitoa.

Adila alimpigia Amiri, akamsimulia kibao, kifutio na chumvi. Amiri akasema wiki ijayo anakuja Bagamoyo na diski mbili za wateja wake zinazogonga, akaomba amwonyeshe.

Jumatatu Adila alifunga chumba na kupanda basi pamoja na Bi Mgeni na kompyuta yao. Mkange waliwakuta watu wamekwisha jaa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, na maofisa wawili wamekaa chini ya turubai na jenereta lao. Mkubwa wao, kijana mmoja mpole aitwaye Mikdad, alitazama mafaili, akasema kwa adabu kwamba maandishi ya kompyuta mtu yeyote anaweza kuyaandika hata jana. Bi Mgeni hakubisha. Alimwambia awaite watu watatu wenye kadi za kliniki za utotoni, awachague yeye mwenyewe, waliobahatika kuzitunza.

Mikdad aliwachagua. Alichukua kadi ya kwanza, hakumwonyesha mtu, akamwomba Bi Mgeni atafute jina. Tarehe ikawa ileile. Uzito ukawa uleule. Ya pili ikawa hivyo. Ya tatu ilitofautiana siku moja, na Bi Mgeni akamwambia mwenye kadi amuulize mama yake, aliyekuwa palepale foleni. Mama akasema alijifungua usiku wa kuamkia siku ya kadi, kabla ya saa sita. Aliyeandika kliniki ndiye aliyekosea. Mikdad akaikunja kadi, akaomba kalamu.

"Tuanze," alisema. "Wa kwanza nani?"

Siku ile waliandikwa watu mia moja na tisa, na siku mbili zilizofuata wengi zaidi. Adila aliendesha kompyuta na Bi Mgeni akasoma, amekaa wima, miwani kwenye ncha ya pua, na kila aliyesogea mbele alimtambua kwa mama yake kabla ya kwa jina. Wengine waliambiwa saa waliyozaliwa na wakaomba warudiwe, ili waisikie tena. Mzee mmoja alikuja si kwa ajili ya cheti, alitaka tu kujua kama mwanawe aliyefariki ameandikwa. Alikuwa ameandikwa. Akashukuru, akaenda zake.

Jumatano jioni, watu wamepungua, walisogea mapacha wawili wa miaka thelathini na kitu, Yahya na Ibrahimu, wavuna chumvi, wakisukumana kwa mabega. Mama yao alikwisha kufa, na tangu utotoni walikuwa wakibishana nani aliyetangulia kuzaliwa. Kila mmoja alidai ndiye mkubwa. Ubishi huo ulikuwa umewahi kuwafanya wasisemezane msimu mzima wa kuvuna. Uwanja wote ulikuwa unaujua, na watu waliokuwa wameshaanza kuondoka wakarudi.

Adila akatafuta jina la mama yao. Bi Mgeni akasogeza uso kwenye kioo, akasoma kimoyomoyo, akavua miwani.

"Mlinitesa sana nyinyi," aliwaambia. "Saa nane na dakika tano mchana, Ibrahimu. Saa nane na dakika ishirini na tatu, Yahya. Na nimeandika hapa: huyu wa pili alikuja akipiga kelele kuliko wa kwanza."

Uwanja ukavunjika kwa vicheko na vigelegele. Yahya alisimama ameshika kiuno, akatazama kioo, akamtazama Bi Mgeni, akaona hakuna mlango wa kutokea. Akamgeukia nduguye, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Ibrahimu alingoja dakika nzima, ameinua kidevu, watu wakimshangilia, ndipo akaitikia marahaba.